Mjumbe Wetu Akiitwa Uwaziri

Iko habari moja ambayo ikisomwa katika redio huamsha nyua zetu kuliko hata habari ya mpira. Ni habari ya majina ya mawaziri wapya. Mara nyingi husomwa usiku, watu wamekwisha kula bukari, watoto wamelala. Msomaji ataja jina moja moja, taratibu, nasi twahesabu kwa vidole: huyu ni wa Kasai, huyu ni wa Equateur, huyu ni wa Kivu, na wa kwetu yuko wapi? Likitajwa jina la mtu wa Katanga, watu hupiga makofi. Na likitajwa jina la mjumbe tuliyempigia kura sisi wenyewe, basi hata jirani aliyelala huamka na kuja kuuliza kuna nini.

Sisi wakaaji wa Buluo tumeionja furaha hiyo. Ni furaha ya kweli, wala hatutaki kuidharau. Lakini furaha yafaa kuulizwa maswali kama jambo lingine lolote. Mjumbe tuliyemchagua akiitwa kuwa waziri, sisi tuliompa kura twapata nini? Na twapoteza nini? Tumezungumza neno hili mara nyingi kati yetu, wazee na vijana, akina mama sokoni na akina baba njiani wakisukuma kinga zenye makala. Leo twaandika yale tuliyoyafikia.

Mji wetu na kura

Kwa wasomaji wanaokaa mbali, twaeleza kidogo. Buluo ni upande mmoja wa mji wa Likasi, katika Haut-Katanga. Mji una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville. Tangu mwaka 1966 waitwa Likasi. Ni mji wa shaba. Babu zetu walitoka pande nyingi, wengine mbali sana, wakaja kufanya kazi za kampani na za reli. Ndiyo maana katika njia moja ya Likasi waweza kusikia lugha nne kabla ya kufika kisimani, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha.

Tena mji huu una sifa moja ambayo vijana wengi hawaijui. Ni mmoja wa miji mitatu ya kwanza ambako Wakongo walipiga kura. Ilikuwa Desemba 1957, katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Walichagua madiwani wa komini tu, na wanaume peke yao ndio walioitwa kupiga kura. Mama zetu walikaa nyumbani wakingoja kuambiwa. Ilikuwa kazi ndogo, maana gavana alikuwa Mbelgiji na amri zote kubwa zilitoka kwake. Lakini toka siku ile watu wa hapa walijua kwamba mtu aweza kupewa kazi ya wengi kwa karatasi ndogo iliyotiwa sandukuni.

Baada ya miaka miwili na nusu, Mei 1960, Kongo nzima ilichagua wajumbe wa Bunge na wa mabaraza ya majimbo. Patrice Lumumba alichaguliwa mjumbe, na mwezi wa Juni akawa waziri mkuu wa kwanza. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri, na Joseph Okito, aliyekuwa makamu wa mkubwa wa Seneti. Mahali penyewe ni Shilatembo, huku kwetu, upande wa njia iendayo Lubumbashi. Kila mtu wa Likasi aendaye Lubumbashi kwa gari apita karibu na mahali pale. Twapita na mizigo yetu, twazungumza habari za bei ya unga, na pale kando walikufa watatu waliochaguliwa na wenzao wawe sauti yao.

Ngazi ya wazee wetu

Wahenga walisema: mpanda ngazi hushuka. Katika Katanga methali hiyo tumeiona kwa macho.

Moïse Tshombe aliongoza Katanga tangu 1960, akawa waziri mkuu wa Kongo nzima Julai 1964. Oktoba 1965 aliondolewa. Mwaka 1969 alikufa Algeria, akiwa kifungoni. Aliyetajwa kushika kiti chake ni Évariste Kimba, mtu wa Katanga vilevile, aliyekuwa mwandishi wa gazeti katika Elisabethville kabla ya kuwa waziri. Wajumbe walimkataa kwa kura Novemba 1965. Rais akamtaja mara ya pili. Kisha Jenerali Mobutu akatwaa serikali usiku wa tarehe 24 Novemba. Miezi sita ikapita. Siku za Pentekoste ya mwaka 1966 Kimba alikamatwa pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, wote waliowahi kuwa mawaziri. Walihukumiwa upesi sana, na tarehe 2 Juni wakanyongwa Kinshasa mbele ya umati mkubwa wa watu. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa unaoitwa Uwanja wa Mashahidi umepewa jina hilo kwa kuwakumbuka.

Jean Nguz a Karl-i-Bond naye alikuwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 1977 alihukumiwa kufa kwa neno la uhaini, akasamehewa, akarudishwa katika wizara ileile mwaka 1979, akawa waziri mkuu mwaka 1980. Mwaka 1981 akakimbilia Ulaya. Mwaka 1991 akawa waziri mkuu tena. Mtu mmoja, na ngazi aliipanda na kuishuka mara ngapi!

Twayasema hayo kwa kuwa vijana wetu waona gari jeusi la waziri, na walinzi, na suti, wakadhani uwaziri ni nyumba ya kukaa. Wazee wetu walijua kwamba ni kibaraza cha kupitia.

Mjumbe wa Likasi

Sasa tuje karibu. Tarehe 28 Novemba ya mwaka 2011 twaikumbuka: ni siku tuliyopiga kura ya rais na ya wajumbe pamoja. Karatasi ya wajumbe ilikuwa kubwa kama gazeti, yenye picha nyingi, na wazee walikawia kuipata sura waliyoitaka. Kati ya waliochaguliwa kwa mji wa Likasi alikuwamo kijana mmoja, Jean-Michel Sama Lukonde Kyenge, wa chama kiitwacho Avenir du Congo. Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1977, Paris. Baba yake, Stéphane Lukonde Kyenge, alikuwa mwanasiasa wa Katanga, naye aliuawa mwaka 2001. Basi kijana yule aliingia Bunge akiwa na miaka 34, akijua tangu nyumbani kwao kwamba kazi ya siasa yaweza kugharimu uhai.

Tarehe 7 Desemba 2014 majina ya mawaziri yakasomwa, na jina lake lilikuwamo: waziri wa vijana, michezo na burudani, katika serikali ya Matata Ponyo. Alikuwa na miaka 37. Huku kwetu watu walifurahi sana. Baada ya miezi miwili Kongo ikapata nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika lililochezwa Guinea ya Ikweta, na kuna waliosema kwa kucheka kwamba ni baraka ya Likasi. Wachezaji ndio waliokimbia, lakini watu wenye furaha hawapimi maneno.

Katika siku zile zile tulianza kubishana. Wengine kati yetu walisema: "Sasa tumepata mlango. Tuandike orodha." Na kweli orodha iliandikwa: uwanja wa watoto, taa za njiani, kazi kwa vijana waliomaliza masomo, ada za yatima, tena jina la mpwa wa fulani na la mkwe wa fulani. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi aliisikiliza orodha ile hadi mwisho, akauliza: "Na katika Bunge, nani atauliza habari ya kisima chetu?" Watu wakanyamaza. Swali lile halikutuacha tena.

Sauti na mkono

Ili kulijibu yatupasa kujua sheria, maana wengi wetu twachagua bila kujua tunachagua kazi gani.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 yasema katika kifungu cha 101 kwamba mjumbe wa Bunge ni mjumbe wa taifa zima, na kwamba waliomchagua hawawezi kumfunga kwa maagizo. Maana yake, mjumbe wa Likasi si tarishi wa Likasi. Akipiga kura juu ya sheria ya misitu, apigia pia kura mtu wa Ituri na mtu wa Mai-Ndombe. Wajumbe wote ni 500, nao wana kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kutunga sheria, pamoja na ile ya fedha za serikali, ambayo husomwa katika kikao kianzacho tarehe 15 Septemba. Ya pili ni kuichungulia serikali: kumwita waziri, kumwuliza kwa maneno au kwa barua, kupeleka watu wa kukagua, na mwisho, wakiona hafai, kumwondoa kwa kura.

Waziri kazi yake ni nyingine. Yeye hutenda. Hushika fedha zilizokubaliwa, huajiri, hujenga, hutia sahihi. Kwa hiyo Katiba yakataza mtu mmoja kuwa mjumbe na waziri kwa wakati mmoja. Nani atajiuliza mwenyewe na kujijibu? Mjumbe akiitwa uwaziri, kiti chake hukaliwa na msaidizi aliyeandikwa pamoja naye siku ya kura. Tangu Katiba iliporekebishwa Januari 2011, kazi yake ya ujumbe haifi, yalala tu. Akitoka katika serikali aweza kurudi kitini pake.

Mambo haya twaweza kuyasema kwa mfano wa nyumbani. Mjumbe ni sauti, waziri ni mkono. Nyumba yahitaji vyote viwili. Lakini sauti ikigeuka kuwa mkono, katika nyumba ile pabaki kimya mpaka mwingine aanze kusema. Siku tunapopiga makofi kwa kuwa mjumbe wetu amekuwa waziri, siku ile ile tumempoteza mtu aliyekuwa na haki ya kumwuliza waziri. Na msaidizi wake je? Tulimwuliza mtu na mtu katika Buluo: jina la msaidizi ni nani? Waliolijua walikuwa wachache sana. Sura yake haikuwa katika furaha yetu, na kumbe ndiye aliyekuwa sauti yetu sasa.

Kuacha kiti

Mwaka 2015 ulikuwa mgumu. Januari watu waliandamana Kinshasa na penginepo, maana waliogopa kwamba sheria mpya ya uchaguzi ingeuchelewesha uchaguzi wa rais. Julai jimbo la Katanga likagawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Tukalala watu wa Katanga, tukaamka watu wa Haut-Katanga. Septemba vyama saba vilivyokuwa upande wa Rais Kabila vilimwandikia barua ya kumtaka asivunje Katiba kwa kukaa zaidi ya muda wake. Avenir du Congo kilikuwa kimoja chao. Sama Lukonde akatoka katika serikali mwezi ule. Uwaziri wake wa kwanza ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja.

Huku kwetu wengine waliguna. "Ameacha kiti bure," walisema, "na orodha yetu haijafanyiwa kazi." Sisi twaliona neno hili kwa namna nyingine. Waziri akiwa na chama kilichosema neno mbele ya watu wote, kisha akabaki kitini kama kwamba hakusikia, wamchaguao watajifunza nini kwake? Watajifunza kwamba maneno ni ya kupandia, na kiti ndicho cha kushika. Kijana wa miaka 38 alionyesha kwamba mtu aweza kushuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe. Jambo hilo katika nchi yetu ni la nadra, na lafaa kutajwa hata na wale wasiompigia kura.

Kutoka shaba mpaka waziri mkuu

Juni 2019, baada ya Rais Félix Tshisekedi kushika nchi, Sama Lukonde aliwekwa kuwa mkurugenzi mkuu wa Gécamines. Kwa mtu wa Likasi jina la Gécamines ni zaidi ya jina la kampani. Ni shule tuliyosomea, ni hospitali tuliyozaliwa, ni unga uliogawiwa mwisho wa mwezi. Tena ni kilio cha mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kazi kwa mpango uliolipwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Katika nyua nyingi za mji huu baba aliyeitwa fundi aliingia nyumbani na bahasha, akatoka na jembe. Kwa hiyo mjumbe wetu wa zamani alipopewa kampani ile, watu walimtazama kwa matumaini na kwa hofu pamoja.

Hakukaa sana. Tarehe 27 Januari 2021 wajumbe 367 walipiga kura ya kumwondoa waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, naye pia mtu wa Katanga. Tarehe 15 Februari Rais akamtaja Sama Lukonde. Alikuwa na miaka 43. Serikali yake yenye watu 57 ilikubaliwa na Bunge tarehe 26 Aprili kwa kura 410. Bunge lile lile alilowahi kukaa kama mjumbe mmoja kati ya 500, sasa alisimama mbele yake kueleza kazi atakayofanya, na wenzake wa zamani wakaweza kumwuliza.

Kazi haikumngoja azoee. Mapema mwezi wa Mei Rais aliweka Ituri na Kivu ya Kaskazini chini ya wanajeshi, kwa ajili ya vita visivyokwisha. Tarehe 22 Mei mlima Nyiragongo ulitoa moto, watu wa Goma wakakimbia usiku na watoto mgongoni. Juni 2022 alikuwa Brussels siku Wabelgiji waliporudisha jino la Lumumba, ndicho kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Jino lile lilizungushwa katika nchi, likaletwa pia Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Mjumbe wa zamani wa Likasi alikwenda kupokea mabaki ya mjumbe aliyeuawa upande wa njia ya Likasi. Habari ile ilitutia kimya kirefu kuliko hotuba nyingi.

Tumepata nini?

Wakati wote ule swali moja lilirudi kila Jumapili watu walipokutana: "Yeye ni waziri mkuu. Sisi tumepata nini?"

Tulisikia majibu ya namna tatu. Wa kwanza walisema: mtu wa kwetu asipotusaidia sisi kwanza, atamsaidia nani? Mkono mtupu haulambwi. Wa pili walisema: wakubwa ni wale wale, tusingoje kitu, tulime mahindi yetu. Wa tatu walisema: waziri mkuu ni wa nchi yote, na akianza kujenga kwao, waziri mkuu ajaye atajenga kwao naye, na wasio na mtu juu hawatajengewa kamwe.

Sisi twashika neno la watatu, lakini kwa sharti. Fikirini. Nchi ina majimbo 26. Waziri mkuu ni mmoja. Kama kisima chachimbwa kwa sababu waziri mkuu ni mtu wa mahali pale, basi majimbo 25 yangoje zamu, na zamu yao yaweza isifike katika maisha ya mtu mmoja. Mama wa Kasenga, mama wa Mahagi na mama wa Buluo wote wachota maji. Tukidai kisima chetu kwa sababu ya undugu, tumekubali kwamba siku ndugu yetu akianguka, kisima nacho kikauke. Lakini tukikidai kwa sababu kimeandikwa katika sheria ya fedha, na kwa sababu sisi nasi hulipa kodi sokoni na njiani, basi dai letu lina miguu yake. Halisimami juu ya bega la mtu mmoja.

Sharti ni hili: kusema kwamba kiongozi ni wa wote kusiwe kifuniko cha kutomwuliza. Wale wa pili, waliosema tulime tu, wana uchungu wa haki, lakini uchungu wao wawafaa sana wakubwa wavivu. Mkubwa asiyeulizwa ndiye alalaye vizuri. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 99, yamtaka Rais na kila waziri aandike mali ya nyumba yake kabla ya kuingia kazini na tena akitoka, na karatasi ipelekwe kwenye Mahakama ya Katiba. Kifungu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya malaika.

Gereza la Buluo

Sisi wa Buluo tuna kitabu kingine cha siasa, nacho kina kuta. Gereza la Buluo lajulikana nchi nzima kwa ulinzi wake mkali. Mwaka 1998 waliletwa humo wanasiasa kutoka Kinshasa waliogombana na serikali ya Mzee Kabila, kati yao Arthur Z'ahidi Ngoma na Joseph Olenghankoy. Sisi wa nje tuliona magari tu. Mwaka 2003, vita vilipokwisha kwa mapatano, Z'ahidi Ngoma alifanywa mmoja wa makamu wanne wa Rais, na Olenghankoy akawa waziri wa uchukuzi. Miaka mitano tu kati ya chumba cha gereza na kiti cha serikali! Kimba naye alikuwa ametembea njia ile ile kwa upande mwingine, toka kiti mpaka kamba, katika miezi sita.

Watoto wakituuliza kwa nini waungwana hukaa gerezani, na kwa nini wafungwa huwa wakubwa, twawajibu kwamba mahali ambapo sauti imenyamaza, mkono hufanya utakavyo. Leo wainua, kesho wafunga. Bunge lililo hai humlinda hata waziri mwenyewe. Kama wajumbe wangekuwa na nguvu mwaka 1966, watu wanne wasingehukumiwa na kunyongwa katika siku chache.

Kurudi chini

Desemba 2023 palikuwa na uchaguzi tena. Sama Lukonde, akiwa bado waziri mkuu, alisimama katika Haut-Katanga, akachaguliwa mjumbe. Sheria ikamtaka achague kimoja. Tarehe 20 Februari 2024 alipeleka barua ya kujiuzulu, akachukua ujumbe. Baada yake Judith Suminwa alitajwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kupata kazi hiyo katika Kongo. Kisha, Aprili, Sama Lukonde alichaguliwa seneta wa Haut-Katanga, na tarehe 12 Agosti 2024 maseneta wakamchagua kuwa mkubwa wao. Maseneta hatuwachagui sisi. Huchaguliwa na wajumbe wa mabaraza ya majimbo, wanne kwa kila jimbo na wanane kwa Kinshasa.

Hivyo mtu aliyeanza kama sauti akawa mkono, akarudi kuwa sauti. Historia itapima kazi yake, na wasomaji wana haki ya kuipima kila mtu kwa akili yake. Sisi twataka tu kuonyesha njia yenyewe: kiti cha mjumbe hakikuwa daraja la kukanyagwa na kusahauliwa. Kilikuwapo wakati wote, nacho kilikuwa na mtu, na mtu yule angeweza kuulizwa.

Yatupasayo

Mwisho, wasomaji wapenzi, twaleta yale tuliyopatana kati yetu huku Buluo. Si mambo makubwa.

Kwanza, siku ya kura tusome majina mawili: la mjumbe na la msaidizi wake. Tumchague mjumbe kama mtu atakayeondoka kesho, na msaidizi kama mtu atakayebaki.

Pili, wajumbe hupumzika kati ya vikao, kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Septemba, na kuanzia katikati ya Desemba mpaka katikati ya Machi. Ndizo siku wapaswazo kurudi kwa waliowachagua na kuwasikiliza. Mjumbe akija, tusimpokee kwa ngoma peke yake na kumwomba sukari. Tumwulize: ulipiga kura gani juu ya sheria ya fedha? Ulimwuliza waziri yupi, naye alikujibu nini? Asiye na jibu ataona haya, na mwaka ujao atakuja na jibu.

Tatu, tuache kupeleka majina ya wapwa. Kila kazi iliyotolewa kwa undugu ni kazi aliyonyimwa mtoto wa mtu asiye na ndugu, na wengi wetu ndio hao wasio na ndugu.

Nne, mkubwa akishuka, tusimcheke. Tumsalimu kama zamani, tumpe kiti, tumwulize aliyojifunza huko juu. Atasema kweli zaidi kuliko alipokuwa na walinzi.

Yule mzee wa reli aliyeuliza habari ya kisima alisikia haya yote tulipomsomea. Akatikisa kichwa, akasema tumesahau jambo moja: karatasi yenyewe ya maswali iandikwe sasa, kabla mjumbe hajaja, kwa sababu watu wakiona gari husahau. Basi tumeianza. Swali la kwanza juu yake ni la maji.